Fuvu la Bwana Shamba

Gatwiri alikuwa na miaka minane na aliogopa pikapu. Si mbwa, si giza, si mwalimu wa hesabu. Pikapu. Zile za miraa zinazoteremka kutoka Maua kana kwamba zimetumwa na shetani zilimfanya amng'ang'anie mamake mpaka kucha zikaingia nyamani. Majirani pale Kaaga walikuwa wakimwona wanacheka kidogo, kisha wanakumbuka kwamba babake aliuawa na pikapu, wanajikohoza na kuuliza habari za shule.

Ila babake hakuuawa na pikapu. Katika mtaa mzima, aliyelijua hilo ni Kaari, mama mtu, peke yake.

Kinyua, mumewe Kaari, aliuawa na ndovu katika shamba lao kule upande wa Kianjai, alipotoka kwenda kumfukuza kwenye mahindi. Mtoto alikuwa na miaka minne tu. Mazishi yalipopita Kaari alifunga virago, akaja mjini, akapata kazi ya upishi katika shule moja ya bweni. Gatwiri alipoanza kuuliza baba alikufaje, Kaari alimtazama, mtoto ambaye tayari alikuwa akigutuka usingizini na mayowe, akaona hawezi kumpa mnyama mkubwa hivyo alale naye. Akampa gari. Watu hufa kwa gari kila wiki na watoto wao huendelea kunywa uji. Ulikuwa uongo wa kupitisha siku, basi. Lakini mtoto aliushika kwa mikono miwili, na Kaari akakosa pa kuanzia kuurudisha.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, mtoto akaenda akapenda ndovu! Kati ya wanyama wote walioumbwa, hakuona twiga, hakuona sungura. Alichora ndovu kwenye madaftari, kwenye maboksi ya sabuni, kwenye mvuke wa dirisha. Kaari alizibandika picha hizo ukutani kwa mkono wake mwenyewe, akitabasamu, halafu anaingia jikoni na kusimama pale bila kufanya lolote.

Ndiyo maana likizo ya Desemba ilipofika na Gatwiri akalilia kupelekwa kwenye kituo cha mazingira, kile kilicho kwenye msitu wa pembeni mwa mji, Kaari aliuliza kwanza langoni.

"Kuna ndovu huku?"

Askari wa lango alicheka. "Mathe, hapa ni tumbili na vipepeo. Ndovu wako mbali huko, na kuna fensi ya stima. Ingieni bila wasiwasi."

Wakaingia. Na ilikuwa asubuhi nzuri, lazima isemwe. Njia ilikuwa imemwagwa kokoto, kina baba wamewabeba watoto mabegani, akina mama wana flaski za chai na ndizi za kuchoma. Mbega waliruka juu ya miti na mikia yao myeupe, na Gatwiri akawahesabu mpaka akachanganyikiwa. Kaari alijikuta anacheka. Alifikiri, labda hivi ndivyo watu wengine huishi Jumamosi zao.

Njia iliishia kwenye kibanda cha maonyesho. Ndani kulikuwa na manyoya ya ndege, mayai matupu, ngozi ya nyoka, na katikati, juu ya meza, fuvu jeupe lenye matundu, kubwa kushinda sufuria yoyote ya githeri katika jiko la Kaari. Kijana mmoja mchangamfu aliyevaa fulana ya kijani aliwapokea. Alijitaja kuwa Muchangi, mwenyeji wa Embu, na kwamba hajamaliza hata mwaka hapo kazini.

"Karibuni mguse, haumi tena. Huyu ni ndovu. Rangers walimpatia jina, Bwana Shamba."

"Kwa nini Bwana Shamba?" Gatwiri aliuliza. Tayari mkono wake ulikuwa juu ya mfupa.

"Kwa sababu kazi yake ilikuwa kutembelea mashamba ya watu kukagua kama mahindi yameiva!"

Gatwiri alicheka mpaka akajiinamia. Akalilaza shavu lake juu ya lile fuvu kama anayelala kwenye mto, akafumba macho.

"Na alikufa aje?"

"Alipigwa risasi kule Kianjai, kama miaka minne iliyopita. Alikuwa ameua mtu."

Kaari alihesabu miaka. Ndovu aliyepigwa risasi Kianjai mwaka ule alikuwa mmoja tu.

"Mtu gani?" mtoto akauliza, macho bado amefumba.

"Ah, mkulima tu. Mlevi fulani. Mtu mwenye akili zake hawezi kuenda kupigana na ndovu akiwa na tochi."

Nyamaza, Kaari alijiambia. Nyamaza, dakika mbili tutakuwa nje, nimnunulie soda. Angenyamaza, Gatwiri angerudi nyumbani na ndovu wake mzima. Na Kinyua angebaki hapa, mlevi fulani, akichekwa na kila familia inayomaliza matembezi yake. Mnyama ana jina na meza yake katikati ya kibanda, naye hana hata jina. Kaari alipandwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo hata siku ya mazishi.

"Hakuwa mlevi," alisema.

"Sori, mathe?"

"Huyo mtu hakuwa mlevi. Alikuwa anaitwa Kinyua. Aliimba besi kwa kwaya ya kanisa, na pombe hakuwahi kuonja, hata ya harusi. Alitoka na tochi kwa sababu tochi ndiyo tulikuwa nayo. Na hayo mahindi ndiyo yalikuwa chakula chetu."

Alilisikia neno hilo likiwa limeshatoka.

Gatwiri alifumbua macho. Akaliinua shavu lake taratibu kutoka kwenye mfupa.

"Mum, chetu na nani?"

"Mimi na wewe. Na baba."

Muchangi alikuwa amevua kofia. "Pole sana, mama. Mimi niliambiwa tu hivyo na wenye walikuwa hapa. Sikujua."

"Sasa umejua," Kaari alijibu bila kumtazama. Alikuwa anamtazama mtoto. Gatwiri hakulia. Kaari aliponyoosha mkono amvute kwake, mtoto alizunguka meza, akaenda kusimama upande ule mwingine, fuvu likabaki katikati yao.

Wakati huohuo familia nyingine ikaingia, baba, mama na watoto wenye vibanzi mkononi. Muchangi alijikohoza. Alimtupia Kaari jicho, kisha akaanza, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha.

"Karibuni. Hili ni fuvu la ndovu aliyepigwa risasi Kianjai. Alimuua mkulima aliyeitwa Kinyua, aliyekuwa akilinda chakula cha familia yake."

"Woi!" alisema yule mama mgeni. "Alikuwa na watoto?"

Muchangi alitazama chini.

"Mmoja," Gatwiri akasema. "Mimi."

Yule mama aliziba mdomo kwa kiganja. Alimwendea, akachutama mbele yake. "Pole, mwanangu. Pole sana. Kwani haya yote ulikuwa unayajua na bado ukakuja kumwona?"

"Sikuwa najua. Mum aliniambia ni pikapu."

Yule mama akainua macho, akamtazama Kaari, akingoja kuambiwa kwamba mtoto amekosea.