Kamba Iliyokwenda Oyugis

Robi alizika watoto watatu kabla ya kumpata Joash. Mimba ya nne ilipoingia, mama mkwe wake, mwanamke mkali kama pilipili, alimwekea sheria. Asile mayai, mtoto atatoka bila nywele. Asinunue hata soksi kabla mtoto hajazaliwa, kifo kisije kikasikia. Na zaidi ya yote, asivuke kamba ya ng'ombe aliyefungwa, maana mimba nayo itafungwa, na mtoto atakaa tumboni mpaka amchoshe mama yake au achoke mwenyewe. Robi alishika yote. Joash akazaliwa akilia kwa sauti, na leo ana ndevu. Sasa nenda wewe ukamwambie mwanamke kama huyo kwamba hayo ni maneno ya vikongwe tu. Atakutazama akuulize, wewe umezika wangapi?

Joash alipooa alimleta Liz, msichana wa Kijaluo kutoka Kosele, hadi nyumbani kwao Kegonga. Robi hakujua Dholuo na Liz hakujua Kikuria, wakawa wanaelewana kwa Kiswahili cha sokoni, na walielewana kuliko wengi walionyonya lugha moja. Liz alikuwa na adabu zake. Akiambiwa keti, anaketi. Majirani walimtania Robi kwamba amepata mkamwana kwa bahati nasibu, naye alicheka tu, kwa sababu alimpenda yule binti kweli kweli.

Liz alipopata mimba, hapo ndipo Robi alipofungua duka lake la maarifa. Kiungulia kikimsumbua Liz, anaambiwa mtoto ana nywele nyingi. Miguu ilipovimba, Robi alipiga vigelegele: ni mwanamume, wanaume ndio huwavimbisha mama zao. Uso nao ukavimba, pete ikagoma kutoka kidoleni, na Robi akaona dalili zinazidi kuwa nzuri. Kliniki walikuwa wamemwambia Liz kwamba presha inapanda na kwamba arudi wiki inayofuata bila kukosa. Robi aliposikia alitikisa kichwa. Presha ni ya wazee na ya watu wa magari, alisema, inamtakia nini msichana anayelima? Wiki ikapita na Liz hakurudi.

Kisha tarehe ya kujifungua ikapita pia, na uchungu haukuja. Robi akamweka Liz chini akamhoji kama polisi, mpaka yule binti akakumbuka kwamba siku moja, akianika nguo, alivuka kamba ya yule ng'ombe wa kahawia. Alilia akisema hakujua. Kwao Kosele alikatazwa mengine, hilo hakulisikia.

Dawa yake Robi aliijua. Liz aivuke tena kamba ileile, kurudi upande alikotoka, na mimba itafunguka. Balaa ni kwamba kamba haikuwepo. Pale kwao ng'ombe akiuzwa, mnunuzi huja na kamba yake na ile ya nyumbani hubaki, ili baraka ya boma isiondoke na mnyama. Lakini Joash, siku alipomuuza yule ng'ombe kwa Hamud, mfanyabiashara mwenye bucha Oyugis, alikuwa na haraka ya kwenda kuchimba dhahabu Nyatike, aliko hadi siku hiyo, akamwachia mnunuzi ng'ombe pamoja na kamba ya nyumbani. Vijana wa siku hizi, wacha tu! Robi alimpigia Hamud simu. Kamba ipo, Hamud alisema huku akicheka, anafungia ng'ombe wengine, ataileta siku ya soko. Robi hakuweza kungoja siku ya soko.

Asubuhi ya safari alimkuta Liz amejifunga kichwa kwa leso. Kichwa kilikuwa kinampasuka, na macho yalikuwa yakiona nyota nyota. Robi akaona ndiyo sababu zaidi ya kuharakisha.

"Usivuke huu mlango mpaka nirudi na kamba," alimwambia. "Ukivuka mlango kabla ya kamba, mtoto anakwama kabisa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Sawa, Mama," alisema Liz.

Jua lilikuwa limeshapanda Robi alipofika Oyugis. Hamud hakuwepo, lakini mkewe, Fardowsa, alimpeleka nyuma ya bucha, na pale, shingoni mwa fahali wa mtu mwingine, Robi akaitambua kamba aliyoisuka kwa mikono yake. Waliifungua, akaikumbatia. Fardowsa akacheka, akauliza mama anaipenda kamba kuliko nyama kwa nini. Robi akamweleza yote, na kwa majivuno kidogo: mimba iliyofungwa, miguu iliyovimba, uso, kile kichwa, zile nyota. Katikati ya hadithi Fardowsa aliacha kucheka.

"Mama," alisema, "dada yangu alikuwa hivyo hivyo. Uso, kichwa, nyota. Tukasema ni jicho la watu. Akashikwa na degedege, tukamzika na mtoto wake tumboni. Huyo msichana apelekwe hospitali sasa hivi."

Robi alikuwa na jibu lake tayari, lile la siku zote. Lakini huyu naye alikuwa amezika. Akatoa simu.

Kwanza alimpata Mwikwabe, jirani mwenye bodaboda, akamwambia akimbie nyumbani kwake. Kisha akampigia Liz. Simu ililia sana ndipo ikapokelewa. Robi alimwambia atoke, Mwikwabe anakuja, aende hospitali.

"Mama, ulisema nisivuke."

"Sasa nasema vuka."

"Kamba umepata?"

"Nimepata, mwanangu, lakini niko Oyugis."

"Basi nitangoja." Sauti ya Liz ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Sioni vizuri, Mama, lakini nitangoja. Nisije nikamuua mtoto."

Robi aliamuru. Alibembeleza. Alilia mbele ya wateja wa bucha bila aibu. Mwikwabe naye alishafika, akasikika mlangoni akimsihi, lakini mwanaume atamburutaje mke wa mtu mwenye mimba? Liz aling'ang'ania neno moja tu, kwamba Mama alimkataza na Mama anajua. Utiifu ule ule Robi aliojisifia kwa majirani sasa ulikuwa umesimama mlangoni kama askari, na askari huyo aliwekwa na Robi mwenyewe. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Liz, nisikilize," alisema mwisho. "Hiyo kamba ni uwongo. Sikuwahi kuiamini hata siku moja. Nilikuwa nakutisha tu ndio unitii."

Neno hilo lilimtoka kinywani kama jino linalong'olewa. Maana kama kamba ni uwongo, wale watatu waliuawa na nini? Na huyu Joash aliponywa na nini? Lakini hapakuwa na wakati wa kuuliza. Upande wa pili mlango ukasikika, na baadaye pikipiki ikawashwa. Kamba ilikuwa imeanguka kwenye tope la nyuma ya bucha, na Robi aliondoka bila kuiangalia.

Degedege lilimkamata Liz akiwa ndio ameshushwa hospitalini. Walimtuliza kwa sindano, wakamkimbiza Migori kwa ambulensi, wakampasua. Robi alipofika alielezwa na muuguzi mmoja, taratibu, kwamba mama amepona ila mtoto, mvulana, alikuwa ameshafariki tumboni. Angeletwa wiki ile aliyoambiwa arudi, yule muuguzi alisema, tungekuwa tunazungumza mengine. Robi aliitikia kwa kichwa. Aliomba kumshika mjukuu wake, wakampa, akamshika mpaka wakamwomba amrudishe.

Liz alizinduka vizuri kesho yake mchana. Aliambiwa habari, akatazama dari.

"Nilivuka mlango," alisema, "na mtoto akafa."

Robi alimsogelea. Angeweza kusema ukweli: niliamini, mwanangu, niliamini kwa roho yangu yote, na nilifanya kwa kukupenda. Liz angemsamehe, moyo wake alikuwa anaujua. Lakini angebaki na ile kamba kichwani. Na mimba nyingine ikija, na miguu ivimbe tena, angejifungia ndani mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

"Hukumuua," alisema Robi. "Nilikwambia kwenye simu. Ile kamba ni uwongo."

Liz aligeuza shingo akamtazama. "Ulijua hivyo tangu mwanzo?"

"Nilijua."

"Ukaniona nimevimba. Ukaniacha ndani. Na ulijua."

"Nilijua," Robi alisema tena.

Liz akageukia ukutani. Muuguzi alipopita, alimwomba amsaidie simu ampigie mama yake aje amchukue. Robi akatoka akakaa kwenye benchi la nje, ili yule mama wa Kosele akifika, awepo mtu wa kumwonyesha kitanda.