Mukono wa Kulia wa Sudi

Unanisumbua na habari hii kama vile sina kazi ingine. Herufi zangu njo hizi, zimepinda, na macho yananiuma. Lakini mimi, jirani ya Sharifa, nimechoka kusikia watu wa Kindu wakisema alimuroga bwana yake. Uongo mutupu. Basi soma pole pole.

Wakati ule Wabelgiji walikuwa wangali wanatawala. Sudi alikuwa mubeba mizigo wa bandarini, na muke wake Sharifa alikuwa anaunga mifupa. Mabega njo yalimupa jina. Wanaume walimufikia wakishika mukono mbali na mbavu, bega limepoteza muviringo, limebaki pembe tu. Sharifa alicheka.

"Bega ni muchi munene ndani ya kinu kifupi," alisema. "Inaruka upesi, inarudi upesi."

Akamulaza muntu kwenye mukeka, akatia kisigino ndani ya kwapa, akavuta pole pole huku akimutukania mama mukwe ili asahau maumivu. Kok! Kisha akafunga mukono kifuani kwa kitambaa.

Siku moja ya mvua, Sudi aliteleza kwenye ubao wa meli, gunia ya muchele kichwani. Akajizuia kwa kitanga cha kulia, na kiwiko kikatoka. Assani, rafiki yake wa kazi, akamuleta nyumbani. Sharifa akapapasa. Ukikunja kiwiko, vifundo vyake vitatu vinakaa kama mafiga matatu ya jiko. Figa moja ilikuwa imekwenda nyuma. Kiwiko hakukizoea, akamupeleka bwana yake dispanseri. Infirmiye Jérôme, muuguzi wa pale, akakirudisha, akafunga mukono kwa plata, ile chokaa inayokauka ngumu, umekunjwa.

"Mama Sharifa, bega ni yako, nakuheshimu," Jérôme akasema. "Lakini kiwiko haipendi mikono ya watu. Usiikande. Usiivute. Ngoja wiki tatu."

Assani akamwangalia Sudi na ule mukono. "Umekuwa birika, ndugu yangu! Tukushike hapo tumimine chai?"

Sudi alicheka. Sharifa hakucheka. Kila asubuhi kapita, musimamizi wa kazi, alipanga wanaume mulangoni mwa bandari na kuwaamuru wanyooshe mikono yote miwili juu. Mwenye mukono uliopinda alirudi nyumbani, na asiye na kazi alifukuzwa mujini. Sharifa aliona mukono ule umekunjwa, na moyo wake ukasema: utakauka hivyo.

Siku ya sita akapasua plata kwa kisu cha kukatia sombe, majani ya muhogo. Akakanda kiwiko kwa mafuta ya mawese ya moto, asubuhi na jioni. Akamutundikia Sudi ndoo ya muchanga mukononi ili uvutike.

"Sharifa, unaniua."

"Nyamaza wewe! Wenye mabega walilia pia. Leo wanabeba."

Sudi akauma nguo yake, kwa sababu alimuamini. Kiwiko kikavimba, kikawa moto, kisha kigumu kama jiwe. Na mukono ukanyooka. Sudi akaenda kwenye musitari, akainua mikono yote miwili, kapita akamukubali. Sharifa alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Ikafika Ijumaa. Wanaume walitoka musikitini, wakaketi kwenye baraza kuzunguka sinia moja ya wali, kama kawaida yao. Sudi akamega tonge kwa mukono wa kulia. Tonge ikakaa mbali, mwisho wa mukono usiokunjika, haifiki kinywani. Akainamisha kichwa, bado. Akajaribu kwa mukono wa kushoto. Muzee moja akavuta sinia kidogo tu. Sudi akasimama, akaingia nyumbani. Hakuketi tena kwenye sinia ya watu, na hapo njo maneno ya kurogwa yalianza.

Jérôme akaja, akapapasa kiwiko muda murefu.

"Nyama ilikasirika, Mama. Imegeuka mufupa."

Hakumugombeza. Hiyo njo ilimuuma Sharifa zaidi.

Siku mbili Sudi aligeukia ukuta, hakula. Siku ya tatu Sharifa akaketi mbele yake, akamega wali na sombe kwa mukono wake.

"Fungua kinywa, bwana yangu."

"Mimi mutoto?"

"Mimi njo nilikuharibu. Fungua."

Akafungua. Miaka kumi na moja alimulisha hivyo, nyuma ya pazia, tonge ya kwanza kwa Sudi, kisha yake mwenyewe. Muntu mwenye bega akibisha mulango, Sharifa alimwambia, "Nenda kwa Jérôme."

Sudi alipokufa, waliomuosha hawakupata shida. Walilaza mukono ule kando ya mbavu, umenyooka vizuri.

Sharifa angali hai. Bado anamega tonge ya kwanza, mukono unasimama njiani, unamutafuta muntu.

Sasa nimeandika. Wewe uliyenilazimisha, uende kwake Ijumaa hii. Keti kwenye mukeka wake, fungua kinywa chako, umuombe akulishe. Usipokula mukononi mwake, usikanyage tena mulangoni kwangu.