Dawa ya Baba

Wiki iliyopita nilipeleka gari kubadilishwa oili kwenye gereji moja ndogo hapa Loresho. Fundi alijilaza chini ya gari, akafungua kifuniko, na oili nyeusi ikaanza kushuka kwenye karai. Harufu yake ilinifikia kabla sijaketi. Ni harufu nzito, yenye chuma na moto ndani yake. Wengine huwatoa mbio. Mimi hunirudisha nyumbani, na huko nyumbani si mahali ninapopenda kurudi kila siku.

Nilimuuliza fundi oili hiyo huitupa wapi.

"Haitupwi, madam," akanijibu akicheka. "Hii ni dawa. Kuna wazee wa ng'ombe hukuja kuichukua. Ata huwa wanaigombania."

Dawa! Miaka yote hii, na bado inaitwa hivyo. Nilitaka kumkaripia, lakini angenijibu nini? Hakuwa amenikosea kitu. Basi nikaketi, nikawakumbuka watu wawili: Baba na mama yake, Shosho wetu.

Tulikaa Dagoretti, kwenye kipande cha shamba la Shosho. Palikuwa na ng'ombe mmoja, kuku, sukuma wiki, nyasi za nepia kandokando ya ua, na kisima. Kisima nakitaja mwisho ingawa ndicho kilichokuwa cha kwanza. Shosho alikichimba na mumewe walipokuwa wameoana juzijuzi, mume akiwa chini na yeye juu akivuta udongo kwa kamba. Maji ya mfereji mtaani kwetu yalikuja yalipotaka, kwa hiyo majirani walichota kwa Shosho, naye hakumfukuza mtu. Ukimsifia chai yake alikujibu, "Si mimi, ni maji."

Mama aliajiriwa Spring Valley, kwa matajiri, akilea watoto wa wenyewe, na tulimwona mwisho wa mwezi. Baba alikuwa fundi wa magari huko tao, katikati ya jiji, kwenye ile mitaa ambayo huwezi kujua kama umesimama barabarani au umesimama ndani ya gereji. Kila Jumamosi alirudi na mtungi wa oili chafu. Mimi na ndugu yangu tulipigania kumvua ovaroli, tukaizika nyuso zetu ndani yake. Kwetu hiyo haikuwa harufu ya uchafu. Ilikuwa harufu ya Baba amefika.

Yeye oili hiyo aliiita dawa. Wilbaro ikigoma, ilitiwa dawa. Mchwa wakila nguzo za ua, nguzo zilipakwa dawa. Jembe na panga havikulala bila kupakwa dawa. Majirani nao wakazoea, wakaanza kumwita Daktari. Sasa jaribuni kumwona mtu huyo: mjini kutwa wenye magari wanamwita "wewe", halafu jioni kwake wazee waliomzidi umri wanabisha hodi na chupa tupu mkononi. "Daktari, nisaidie kidogo." Baba alijaza chupa zao bure, kifua mbele.

Kilichokunywa dawa kuliko vyote ni mashine ya kukatia nepia. Ilikuwa na gurudumu kubwa la chuma la kuzungusha kwa mkono, na ilisimama chini ya kibanda cha mabati, karibu kabisa na kisima. Baba hakuwa mtu wa kupaka. Alimwaga. Oili ilishuka kwenye meno ya mashine, ikateremka miguuni mwake, ikaingia ardhini. Udongo wa pale uligeuka mweusi, na hapakuota hata kijani kimoja. Baba alilionea fahari jambo hilo. "Mnaona? Ata magugu imeshika adabu."

Ng'ombe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa. Siku mashine ilipotiwa dawa alinusa majani yake, akageuza kichwa, akasimama na njaa yake. Baba alisema ng'ombe wetu amekuwa mtu wa Spring Valley, siku hizi anachagua chakula. Tulicheka sana. Natamani tungemsikiliza ng'ombe.

Kisha zikaja mvua kubwa. Asubuhi moja Shosho alivuta ndoo kutoka kisimani, na juu ya maji nikaona rangi: zambarau, kijani, dhahabu, zikizunguka polepole kila ndoo ilipotikisika. Nilidhani upinde wa mvua umeanguka kisimani, nikaona sisi ni watu wenye bahati. Shosho alichovya kidole, akakinusa, akatikisa kichwa. Pua yake ilikuwa imechoshwa na moshi wa jikoni tangu ujana. Akaniita. Mimi nina jina lake, kama ilivyo desturi kwetu, kwa hiyo hakuniita mjukuu.

"Wajina, hebu onja. Nikwambie nini, hii pua yangu ilikufa kitambo."

Nikaonja. Nikasema nilichokiona, tena kwa furaha: "Iko na ladha ya Baba."

Baba aliposikia alicheka hadi akashika mbavu. Shosho hakucheka.

"Ndung'u, hiyo dawa yako imeingia kwa maji."

"Maitu," Baba akamjibu mama yake, "si oili ilitoka kwa ardhi? Wacha irudi kwao."

"Hii ardhi yangu haikuiita."

Jirani mmoja alikuwa amesimama pale na chupa yake, akingoja kujaziwa. Labda bila huyo jirani mambo yangekwenda vingine. Baba alimtazama, akachukua kikombe, akakijaza maji ya ile ndoo, akayanywa yote mbele yetu, akapangusa mdomo. "Maji iko sawa," akasema. Nikaona mabega ya Shosho yakishuka. "Haya," akasema. "Wewe ndiye fundi. Oili unaijua kunishinda." Tangu siku hiyo akawa anayachuja maji kwa kitambaa cheupe, na kitambaa hakikukaa cheupe tena.

Wiki hiyohiyo Baba alianza kuja na maji ya chupa kutoka tao. Yalikuwa ya watoto, akasema, tuzoee mambo ya kisasa. Tulijivuna nayo shuleni mpaka tukachukiwa. Shosho alifurahi kuona mwanawe anavyotudekeza. Jioni moja, kwa utani tu, alinyoosha kikombe chake ili naye aonje maji ya kisasa. Baba akafunga chupa.

"Wewe hutayapenda, Maitu. Hayana ladha. Umezoea yako."

Shosho akacheka, akarudisha kikombe chake mezani.

Majirani waliacha kuchota, mmoja baada ya mwingine. Huyu alisema amevutiwa mfereji, yule alisema mgongo unamsumbua. Hakuna aliyemwambia Shosho ukweli. Na dawa je? Dawa hawakuiacha. Waliingia kwa lango la chini ili wasimpite kisimani, wakajaziwa chupa zao, wakatoka. Shosho alikaa kwenye kigoda kando ya kisima chake, kamba imekunjwa vizuri, akiwasikia. Siku moja aliniuliza, "Wajina, hawa watu nimewakosea nini?" Nilikuwa mtoto. Nikamwambia labda wana maji mengi kwao.

Sitasema kwamba oili ndiyo iliyomuua. Alikuwa mzee, na hakuna daktari wa kweli aliyetuambia hivyo. Ninachojua ni kwamba alikufa akiamini watu wake wamemchukia, na chai ya matanga yake ilipikwa kwa maji ya kununua. Kisima kilifunikwa kwa zege, na juu yake leo pana nyumba za kupangisha.

Nilikuwa mtu mzima, nimembeba mwanangu wa kwanza dukani, nikimchagulia maji salama, ndipo ile chupa aliyoifunga Baba iliponirudia. Nilisimama na maji mkononi mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Baba alijua. Tangu ile ndoo alijua, ndiyo maana alitutenga sisi watoto na kisima kile. Lakini kumpa mama yake chupa kungekuwa kukiri, na Daktari hakuweza kukiri. Kwa hiyo akamwacha aendelee kunywa. Nimejaribu kumsamehe kwa niaba ya Shosho, na naona kubeba jina lake tu hakunitoshi kufanya hivyo.

Baba sasa ni mzee, anaishi nami hapa Loresho. Hatuongelei kisima. Nikimletea glasi ya maji ananishukuru kwa upole, anangoja nigeuke, halafu anaisogeza puani na kuinusa kabla ya kunywa. Anadhani simwoni.