Mguu wa Kushoto wa Jirani

Jumatano nilitoka Kikatiti nimeshikilia mlango wa gari kwa mikono miwili. Jirani yangu wa Elerai, tangu mambo yawe ruksa, hata kuagiza magari ya nje, amenunua gari la Kijapani la otomatiki. Kila liliposhika kasi, lilisimama ghafla kama limevutwa mkia, na lori la nyuma likatupigia honi.

“Bibi, giaboksi imekufa,” alisema, jasho likimtoka. “Na Jumamosi nampeleka binti yangu kanisani!”

Fundi wa Daraja Mbili alinusa oili ya gia, akasema haijaungua. Akaliendesha mwenyewe, likaenda vizuri kabisa. Akamrudishia jirani usukani, akainama kumtazama miguu.

“Mzee, mguu wa kushoto unatafuta nini?”

“Klachi.”

“Gari hili halina. Unakanyaga breki! Vua kiatu cha kushoto, mguu ukiwa peku utakukumbusha.”

Jumamosi tulifika salama. Baba mtu akashuka, akamshika bibi harusi mkono, wakaingia kanisani, yeye na kiatu kimoja. Akina mama wakanizonga: “Kulikoni?” Nilimwahidi jirani sitasema, na kweli sikusema. Nimeandika tu.