Marehemu Bado Anajibu Kwenye Kundi Letu

Leo ni Jumapili, nimetoka misa, na nimejiapia kusema yote. Admin, nifichie jina.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, mwanafunzi wa sekondari hapa Kolwezi. Niko kwenye kundi la watu wanaojitolea kutengeneza programu ya bure ya kusomea vitabu vya shule bila intaneti. Kazi yangu ni kupanga wajaribu. Toleo jipya likija, kila mmoja huchukua sehemu yake na kompyuta yake huijaribu yenyewe, kisha huonyesha kijani ikiwa sawa au nyekundu ikiwa na kosa. Lakini kijani hakitoshi. Mwenye sehemu lazima aifungue, aitumie, ndipo abonyeze “Nimeona”. Bila hivyo haiendi mashuleni.

Sehemu ya hesabu ilikuwa ya Trésor (si jina lake). Alikuwa mchimbaji kwenye mgodi wa Mutoshi, na akirudi nyumbani Kapata alitujaribia. Shimo lilimfukia. Nilikwenda kwenye kilio, nikalia na wengine, lakini sikupata moyo wa kufuta jina lake.

Juzi toleo jipya lilitoka. Jioni nikaona: Trésor, Nimeona.

Mwenzangu, ambaye huniita Présidente kwa utani, akaandika, “Présidente, muzimu yako anatumika kupita shiye bote.” Yaani mzimu wangu unafanya kazi kuliko sisi sote.

Jana nilipanda pikipiki, taksi-moto, hadi kwao Kapata. Kompyuta yake ilikuwa mezani, inawaka, kando ya picha yake. Nikamuuliza mama yake, “Mama, nani anafinyaka hii ‘Nimeona’ hapa?”

“Ni mi, mwana yangu. Alinionyesha mbele ya kuenda ku shimo: kijani ikitoka, finya apa. Alisema, ‘Mama, bantu banangojea jibu yangu.’ Sasa bangoje bure?”

Nikaifungua sehemu ya hesabu. Mazoezi ya darasa la tano hayakuwepo, ukurasa ulikuwa mweupe mtupu. Kijani kilikuwa kimetudanganya, na kidogo tu tungeipeleka shuleni.

Nikamwambia nitamwandika kwa jina lake mwenyewe na nimfundishe kuangalia.

“Apana. Jina ni yake, mi niko mikono tu. Ukiitosha, ukiifuta, tutakuwa tumemuzika tena.” Akanisindikiza mpaka mlangoni. “Ile kijani ingine itakuya siku gani?”

Tangu jana, kila kijani kinachotokea kinanitia baridi.

Nishaurini, hasa nyinyi mliozika mtoto: nifute jina la Trésor, au nimwachie mama kitufe chake, na mtu mwingine awe anaangalia nyuma yake bila yeye kujua? Nijibuni leo, kwa sababu kesho toleo lililorekebishwa linatoka, naye ataketi tena mbele ya ile kompyuta, akingoja kijani.