Arobaini ya Rahma

Ziada, mke wa Shamte, muuza mafuta ya alizeti pale Singida mjini, alikuwa bonge la mama, na unene wake ndio uliokuwa heshima ya nyumba. Shamte akiongozana naye alitembea kifua mbele. Mwaka juzi daktari akamwambia apunguze uzito: mwili mkubwa unazifanyisha figo kazi kupita uwezo wake, na presha nayo inazimaliza. Ziada akatii. Akaacha chapati, akaacha soda, akapungua kilo kumi na moja. Lahaula! Sokoni midomo ikafunguka. Huyu anasema Ziada ana ngoma, ukimwi ule, yule anasema Shamte kaoa mke mdogo Manyoni. Shamte mwenyewe akanuna: "Unaniaibisha, mama Rahma." Watu hawana dogo! Ziada akashindwa kuvumilia, akarudia kula kama zamani.

Miezi michache baadaye binti yake wa pekee, Rahma, akajifungua, akaja kwa mama kulelewa uzazi. Weee! Siku arobaini hakupewa nafasi ya kusikia njaa. Asubuhi supu ya kuku wa kienyeji, saa nne uji wa samli, mchana wali, jioni ndizi na nyama. Akisema ameshiba, mama anamfokea: "Kula! Unataka wakwe zako waseme kwetu kuna njaa?" Siku ya kutoka, gauni lake la zamani halikupita hata mabegani. Wanawake wakapiga vigelegele, na Ziada akafurahi kuliko siku ya harusi.

Mwaka huu uso wa Ziada ukaanza kuvimba, na miguu pia. Majirani wakamsifu kwamba kanawiri tena, naye, masikini, akawashukuru. Kumbe ni maji. Alipofikishwa Dodoma, figo zote mbili zilikuwa zimeshakufa. Tangu hapo ni mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki, basi kwenda, basi kurudi, na amechoka mpaka anatamani kufa.

"Mama, mimi ninazo mbili," Rahma alimwambia. "Chukua moja." Ziada akaanza tena kuongelea mambo ya mwakani.

Majibu ya vipimo yalitoka Jumanne. Daktari hakuzunguka.

"Rahma hawezi kutoa figo. Uzito umezidi, presha iko juu, na mkojo wake una protini. Figo zake nazo zimeanza kuharibika."

Ziada aliitazama ile mikono minene ya mwanawe. Aliinenepesha yeye mwenyewe, kijiko kwa kijiko, kwa mapenzi yote ya mama.

Walipofika nyumbani, jirani yao Anifa akaja mbio kuwapokea mizigo.

"Mashaallah, Rahma! Wewe na mama yako ni shilingi kwa ya pili!"

Ziada akakaa chini pale pale mlangoni.

"Usimwambie hivyo, Anifa," alisema huku analia. "Nakuomba, usimwambie hivyo mwanangu."