Mtego wa Fundi wa Programu

Fundi wa programu pale ofisini Malili huwinda makosa akiimba pambio, vidole vikipiga meza kama ngoma. Leo kilo za ndengu za wakulima wa Kyuso zinabadilika zenyewe ndani ya kompyuta. Programu waliiandika yeye na mwenzake Syokau, na Syokau anahofia kosa ni lake. Fundi amefunga sehemu ya kumbukumbu inayohifadhi kilo, akategesha mtego: mstari wowote wa programu ukiigusa, mashine itoe ishara, mtego uidake, uutaje mstari huo na jina la aliyeuandika, kisha uuache upite. Anapuliza chai, anaimba. Ishara inaingia. Anasoma, na pambio linakatika. Syokau anafumba macho. Fundi anasimama wima, kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani.

“Bwana asifiwe!”

“Amina!” ofisi nzima inaitikia.

“Mwizi nimemshika. Ni mimi.”